Chatu wa Mitini Atakaa Wapi: Kioo, Kabati au Sanduku?

Mpendwa Mshauri,

Salaam nyingi kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, nina mke na binti wa miaka miwili. Kwa muda mrefu nimetamani kufuga chatu wa kijani wa mitini, yule wa New Guinea anayejikunja juu ya tawi na kulaza kichwa katikati ya mikunjo yake. Sasa kipato kimetulia na mke wangu amekubali, ingawa kwa shingo upande. Nimempata mfugaji wa hapa jimboni aliyeangulisha mayai mwenyewe. Ana kinda wa miezi saba, bado wa manjano. Yuko pia muuzaji mmoja wa kwenye maonyesho ya reptilia anayenipa mkubwa, tayari wa kijani, kwa bei ya chini kuliko ya huyo kinda. Anasema ameletwa kutoka Indonesia.

Kinachoniumiza kichwa ni nyumba ya kumweka. Dukani nimeona tanki la kioo lenye kimo cha futi tatu na upana wa futi moja na nusu, juu limefunikwa kwa wavu. Linapendeza, na muuza duka anasema nyoka wa mitini anataka kimo kabla ya kitu kingine chochote. Halafu kuna masanduku ya plastiki ngumu ya PVC, urefu futi tatu, kina futi mbili, kimo futi mbili, yenye milango ya kioo ya kusukuma kwa mbele. Hayanivutii sana kwa macho. Na nyumbani nina kabati la nguo la mbao za kubandika ambalo halitumiki. Rafiki yangu fundi anasema tukitoa rafu na kuweka kioo mlangoni, nitakuwa nimepata nyumba ya bure.

Nilikuwa nimepanga kuiweka sebuleni, kati ya dirisha na tundu la hewa ya moto, ili nyoka apate mwanga na joto bila gharama. Ningependa pia kupanda mimea hai ndani, iwe kama msitu mdogo.

La mwisho ni mama. Anakuja Desemba kukaa nasi hadi Machi. Nilipomtumia picha alinijibu, "Mwanangu, huyo ni hongo. Mimi silali nyumba moja na hongo." Kwetu pwani hongo ni nyoka wa kijani mwenye sumu kali. Nimweleze vipi?

Mwenzenu wa Brooklyn Park

---

Ndugu yangu,

Nunua sanduku la PVC, na umchukue kinda wa manjano. Kabati liache liendelee kuwa kabati. Ila usimlete nyoka nyumbani mpaka sanduku liwe limewashwa na kukaa wiki mbili au tatu bila nyoka ndani, huku ukisoma vipimo vyake asubuhi na usiku. Ukilielewa hili la mwisho, mengine yote yatanyooka.

Nianze na muuza duka, kwa sababu neno lake limewapoteza wengi. Ni kweli chatu huyu huishi mitini, lakini sebuleni kwako hatapanda wala kushuka mti. Mchana kutwa atakaa mahali pamoja, juu ya ufito mmoja uliolala sawasawa. Giza likiingia atateremsha kichwa na shingo chini ya ufito, abaki hivyo kwa saa nyingi akisubiri windo. Kwa hiyo anachohitaji ni nafasi ya kwenda kando, kutoka ufito wenye joto hadi ufito wenye ubaridi, fito zote zikiwa juu, anakojisikia salama. Kimo cha futi mbili kinamtosha. Katika tanki jembamba la futi tatu joto lote hupanda juu na ubaridi hukaa chini, na nyoka hulazimika kuchagua kati ya kupoa na kuwa juu. Silika yake humwambia abaki juu, hata pale panapomchoma. Urefu wa futi tatu kwa kina cha futi mbili unamwezesha kupata yote mawili kwa pamoja. Mkubwa wake huwa kati ya mita 1.2 na 1.8, na sehemu kubwa ya urefu huo imekunjwa, kwa hiyo nafasi hiyo inamtosha vizuri.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi kwa mtu wa Minnesota, nalo ni hewa. Wewe umekulia Kilifi, ambako nguo hukauka na bado ukizigusa unahisi unyevu wa bahari. Nyumba ya Minnesota mwezi wa Januari, tanuri likipuliza hewa ya moto usiku na mchana, unyevu wake huweza kushuka chini ya asilimia 20. Hiyo ndiyo hewa itakayopita kwenye wavu wa lile tanki la kioo. Utapulizia maji asubuhi na kabla ya adhuhuri yatakuwa yamekauka. Utapulizia tena, na kila upuliziapo joto linashuka, kwa maana joto nalo linatokea juu kupitia wavu uleule. Matokeo yake huonekana nyoka anapojivua gamba: badala ya kuvuka lote kwa mkupuo kama soksi, linabanduka vipande vipande na mengine kunasa mkiani na machoni. Sanduku la PVC lina matundu machache ya hewa, hivyo hutunza joto na unyevu, na wewe unabaki na kazi ya kuvipima tu.

Lakini hapa wengi huvuka mpaka wa pili. Wakishasikia "msitu wa mvua", hulowanisha nyumba ya nyoka saa zote mpaka kuta zinachuruzika. Huko New Guinea mvua hunyesha, kisha upepo hupita na majani hukauka. Ngozi ya nyoka isiyopata nafasi ya kukauka huoza chini ya tumbo, na mapafu hushika maambukizi. Kwa hiyo pulizia maji ya kutosha jioni, taa zinapozimwa, wakati ambao nyoka mwenyewe huamka. Utamwona akinywa matone yaliyotuama kwenye mikunjo yake. Unyevu upande hadi asilimia 80 au zaidi kidogo usiku, ushuke hadi karibu asilimia 50 kesho yake mchana. Ukiona adhuhuri kioo bado kina ukungu, ama maji yamezidi au matundu ya hewa hayatoshi. Bakuli pana la maji liwepo wakati wote, libadilishwe kila siku.

Kuhusu joto nitatumia nyuzi za huko kwenu, maana vipimo utakavyonunua vitasoma kwa Farenhaiti. Ufito wenye joto uwe nyuzi 86 hadi 88 mchana. Upande wa pili uwe 76 hadi 78. Usiku kote kushuke hadi 72 au 75. Kwa Selsiasi ni kama 30 au 31 penye joto, 25 upande wa pili, na 22 hadi 24 usiku. Joto likikaa muda mrefu juu ya nyuzi 92 hivi, maisha yake yako hatarini. Chanzo cha joto kiwe paneli ya joto inayofungwa darini mwa sanduku, isiyotoa mwanga na isiyomuunguza nyoka akiigusa. Taa ya seramiki nayo hufaa, ila lazima izungushiwe wavu, maana chatu hawa hujizungusha kwenye kitu cha moto na kuungua bila kuondoka. Paneli au taa, hakuna inayowashwa bila themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima joto ili lisizidi kiwango ulichoweka. Naomba hapa usibane matumizi hata kidogo. Punguza kwenye mapambo kama ni lazima, lakini themostati nunua nzuri. Kihisi chake kiwe kwenye usawa wa ufito wenye joto. Kikiwa sakafuni kitakuambia habari za sakafu, na nyoka hakai huko. Ukiwa na kipimajoto cha kulenga kwa mkono, pima mgongo wa ufito wenyewe.

Nyoka naye atakuambia. Asipobanduka chini ya paneli usiku na mchana, jua anahisi baridi. Akishuka kwenye ufito wa chini kabisa na kushinda hapo, au akilala sakafuni mchana, mara nyingi joto limezidi. Akiinua kichwa juu na kupumua kwa mdomo wazi, au mapovu yakimtoka, hilo si la themostati tena: mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, siku hiyohiyo. Mtafute daktari huyo sasa, kabla nyoka hajafika, maana si kila kliniki ya mbwa na paka inawapokea.

Fito ni fenicha yake yote, kwa hiyo zifikirie vizuri. Unene wa ufito usizidi unene wa mwili wa nyoka penye upana wake mkubwa. Weka tatu au nne za unene tofauti kidogo, zilale sawasawa, mbili zikiwa upande wenye joto na nyingine upande wa pili, na zisikae moja juu ya nyingine hadi kinyesi kutoka ufito wa juu kiangukie ufito wa chini. Muhimu zaidi, ziwe za kuchomoka. Tengeneza vishikio pembeni ambavyo ufito unakaa na kuinuliwa kwa urahisi. Siku unapotaka kusafisha au kumpeleka hospitali, unainua ufito na nyoka akiwa juu yake, unamtoa alivyo. Hutamvuta. Chatu huyu hushika ufito kwa mkia kwa nguvu kubwa, na anayemvuta kinda kwa haraka anaweza kumvunja mifupa ya mkia au ya uti wa mgongo. Vilema vya namna hiyo huonekana mara kwa mara kwa walioshikwa vibaya utotoni, na haviponi.

Kabati nimelikataa kwa sababu ya mbao zake. Mbao za kubandika zikinywa maji huvimba, huachana, na ndani yake hujaa kuvu usioweza kuufikia. Mbao nzima iliyopakwa vanishi isiyopitisha maji, viungo vikazibwa kwa silikoni na kuachwa wiki kadhaa harufu iishe, ingeweza kufaa. Lakini ukijumlisha bei ya mbao, vanishi, kioo na muda wa rafiki yako, umeshalikaribia sanduku la PVC, na umepata kitu kizito kisichosafishika vizuri. Na lile tanki la kioo, kama moyo wako haukubali kuliacha, lingefaa tu ukifunika robo tatu ya wavu wake na kuziba kuta tatu ili nyoka asihisi yuko uwanjani. Mimi nisingehangaika nalo.

Tena huyo kinda hatahamia moja kwa moja kwenye sanduku kubwa. Nyoka wa miezi saba ni mwembamba kama kidole. Akiachwa katika nafasi ya futi tatu hujificha pembeni, chakula hakioni, na wewe unadhani amegoma kula. Mwanzie kwenye kijisanduku cha plastiki kinachopitisha mwanga, kama inchi 12 kila upande, chenye matundu, fito mbili za unene wa penseli, karatasi ya jikoni chini na kibakuli cha maji. Kijisanduku hicho unaweza kukiweka ndani ya sanduku kubwa la PVC, likakipa joto lake. Pima ndani ya kijisanduku, usitegemee namba za nje. Akipita mwaka na nusu hivi na akiwa anakula bila kusumbua, mfungulie nyumba yote. Wakati huo huenda umeshamwona akigeuka kijani. Makinda wa jamii hii hutoka kwenye mayai wakiwa wa manjano au wekundu wa kahawia, na watafiti waliowafuatilia porini Iron Range, kaskazini mwa Australia, waliona wa manjano wakigeuka wanapofikia urefu wa karibu sentimita 55. Wadogo walikuwa wakiwinda karibu na ardhi, kwenye mianya ya msitu penye mwanga; waliogeuka kijani walikuwa juu kwenye majani mazito. Rangi na makazi hubadilika pamoja.

Mimea hai sikukatazi, ila ingoje. Mwaka wa kwanza unahitaji kuona kila kinyesi, kila tone la maji lililobaki, kila kipande cha gamba. Karatasi sakafuni inakuonyesha yote. Baadaye unaweza kutandaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo hushika unyevu vizuri, na kuweka mmea mmoja mgumu kwenye chungu, mfano pothosi, unaoweza kutolewa na kuoshwa. Majani machache ya plastiki kuzunguka ufito wenye joto yatamfaa tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyoka huyu akijiona amefichwa hutulia. Magome ya mwerezi usiyatumie, mafuta yake humdhuru.

Mahali ulipopanga pia hapafai. Jua la dirishani likiangukia sanduku lililofungwa linaweza kumuua nyoka kwa mchana mmoja, hata kukiwa na theluji nje. Tundu la hewa ya moto litakaushia kazi yako yote na kuichanganya themostati. Tafuta ukuta wa ndani, mbali na mlango wa nje, katika chumba kisicho na pilikapilika. Taa ya kawaida ya saa 12 kwa siku, inayojiwasha na kujizima, inatosha kumtofautishia usiku na mchana. Na kwa kuwa umeme wa kwenu unaweza kukatika katikati ya dhoruba ya theluji, uwe na blanketi la kufunika sanduku na sanduku la povu la kumsafirishia.

Binti yako nimemwacha hadi hapa makusudi, ili nimzungumzie peke yake. Reptilia, hata mwenye afya njema, hubeba bakteria wa salmonela, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inashauri watoto chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa reptilia wala vitu vyao. Wazee wa miaka 65 na zaidi wako katika ushauri huohuo, kwa hiyo na mama pia. Maana yake ni kwamba chumba cha nyoka kisiwe sebule anayochezea mtoto. Kiwe na mlango unaofungwa, sanduku liwe na kufuli ya ufunguo, na hilo la pili ni la kumzuia nyoka pia, maana hupata upenyo usiouona. Bakuli na fito zisioshwe kwenye sinki la jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Panya waliogandishwa utakaomlisha wasikae friza moja na chakula cha familia. Kama nyumba haina chumba cha namna hiyo, subiri mpaka mtoto akue. Chatu hawa wakitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 15, kwa hiyo kungoja miaka mitatu hakukunyimi kitu.

Sasa huyo mkubwa wa bei rahisi. Mwaka 2011 watafiti Jessica Lyons na Daniel Natusch walichapisha uchunguzi wao kuhusu mashamba ya Indonesia yanayodai kuzalisha chatu hawa kwa ajili ya kuuza nje. Waligundua kwamba angalau asilimia 80 ya waliokuwa wakisafirishwa kila mwaka walikuwa wamekamatwa porini na kupitishwa shambani ili waonekane wamezaliwa huko. Kisiwani Biak ukamataji huo ulikuwa umeshapunguza idadi yao. Nyoka wa namna hiyo hufika akiwa na minyoo, upungufu wa maji mwilini na hofu ya kubebwa mifukoni, na aghalabu bei yake rahisi humalizikia kwa daktari. Zaidi ya hilo, ukimnunua umelipia atakayekamatwa baada yake. Jamii hii imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Kwa mfugaji wako wa jimboni, omba kuona wazazi, omba kumbukumbu za kula na kujivua gamba, na muulize kinda anakula panya aliyegandishwa na kuyeyushwa au bado anataka aliye hai. Usimchukue mpaka awe amekula mara kadhaa mfululizo. Na kabla ya hayo yote soma mkataba wako wa nyumba na sheria za mji wenu kuhusu nyoka wanaobana windo, kwani kila mji una zake.

Mama usimcheke. Anayoyasema anayajua. Hongo wa pwani ni wa kijani, anaishi kwenye miembe na mikorosho, na sumu yake inaua. Mtu aliyekulia Kilifi anayerudi nyuma akiona nyoka wa kijani mtini ana akili timamu. Mwonyeshe tofauti kwa picha mbili kabla hajapanda ndege. Hongo ni mwembamba, kichwa chake kirefu na chembamba, hutembea mchana, mwepesi. Huyu wako ni mnene, kichwa kipana kilichotengana na shingo, kwenye midomo ana vitundu vya kuhisi joto la windo, mgongoni mara nyingi ana mstari wa magamba meupe, na mchana hasogei. Sumu hana. Meno anayo, marefu, na usiku huuma upesi, kwa hiyo usimwahidi mama kwamba ni mpole. Mwahidi kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Chumba atakacholala kisipakane na cha nyoka. Na kama bado atasema halali humo, basi mwombe mfugaji amshikilie kinda hadi Machi. Wengi hukubali wakipewa malipo ya awali, nawe utapata miezi ya baridi kali ya kuliendesha sanduku likiwa tupu na kuona kama unyevu wake unasimama.

Akishafika, usimshike wiki za mwanzo. Mpulizie maji jioni, mwache, na baada ya siku saba hivi mpe panya mdogo usiku, kwa koleo refu, chumba kikiwa na giza. Kinda alishwe mara moja kila siku saba hadi kumi, na akiwa mkubwa kila wiki mbili hadi tatu. Usimzidishie, maana hawa hunenepa bila kuonekana, na waliolishwa kupita kiasi huku maji yakiwapungukia huweza kutokwa na utumbo kwenye njia ya haja. Akikataa mara moja, toa panya na ungoje hadi wiki ijayo.

Mshauri wako